Kliniki ya Fizio Iliyokataa Kumharakisha Mpwa Wangu

Kuanzia Julai 2024 hadi Juni 2025 nilikuwa nikimsindikiza mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kutoka Likoni hadi kliniki moja ya fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, iliyoko kisiwani Mombasa, katika ghorofa ya pili ya jengo la zamani lisilo mbali na Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 16 alipoumia, naye ni winga wa kulia ambaye tangu darasa la tano hajawahi kupitisha juma zima bila ya kucheza mpira. Jina la kliniki nimelihifadhi kwa makusudi, kwa sababu kijana alikuwa hajatimiza miaka 18 wakati wa tiba, na wateja wa mahali hapo ni wachache kiasi kwamba anayekijua kituo atamjua naye. Huduma yenyewe nitaieleza kwa urefu, na mzazi au mlezi mwenye mtoto aliyeumia goti ataweza kuifanya kipimo cha kituo chochote atakachokiendea, kiwe Mombasa, Kilifi au Kwale.

Jeraha lenyewe lazima lielezwe kwanza. Mpwa wangu hakupigwa teke wala hakusukumwa. Jumamosi moja jioni mnamo Mei 2024, juu ya uwanja uliolowa mvua ya masika, alikita mguu wa kulia ili ampite beki kwa ndani; mwili ukageuka, wayo ukabaki pale pale ulipokitwa, na goti likashindwa kufuata upande wowote. Anasema alisikia mlio ndani ya goti mfano wa ukuni mkavu unaovunjwa. Kabla ya adhana ya magharibi goti lilikuwa limevimba hata pia yake, kile kifupa cha mbele ya goti, haionekani. Majeraha mengi ya aina hii hutokea hivyo hivyo, bila ya mchezaji kuguswa na mtu, na ndiyo maana waliokuwa uwanjani walidhani ameteguka tu na kwamba angerudi baada ya siku chache.

Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana mfano wa msalaba, na ile ya mbele ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele mtu anaposimama ghafla au kugeuka. Kando yake mna magegedu mawili yenye umbo la hilali, ambayo hupokea uzito wa mwili kati ya paja na muundi. Kano ya mbele ya mpwa wangu ilikuwa imekatika kabisa, na gegedu la upande wa ndani lilikuwa limechanika.

Tulipoteza majuma matano kabla ya kuujua ukweli huo. Bibi yake alimwita mkandaji wa mtaani, mama mtu mzima mwenye mkono mwepesi ambaye amewasaidia wengi, nasi sote tulimwamini. Lakini goti lililojaa damu halitaki kuchuliwa, na kila alipolichua kwa mafuta ya simsim ndivyo lilivyozidi kuvimba, mpaka yeye mwenyewe, kwa uungwana wake, akatuambia tumpeleke hospitali. Kituo cha kwanza tulichokwenda, ambacho sitakitaja, kilimlaza kijana chini ya taa ya joto kwa nusu saa, mara tano, kwa malipo kamili kila mara, pasipo mtu yeyote kulishika goti lake na kulijaribu kama limelegea. Jambo hili bado linaniuma. Picha ya MRI ilipopigwa mwishowe, daktari bingwa wa mifupa aliagiza pia eksirei ya kuangalia kama kijana bado anarefuka, kwa kuwa matundu yanayotobolewa mfupani ili kupitishia kano mpya yakiharibu sehemu ambayo mfupa unakulia, mguu unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenzake. Sehemu hiyo kwake ilikuwa karibu imefunga. Upasuaji ulifanyika mwanzoni mwa Julai: kano mpya ilitengenezwa kutokana na kano za nyuma ya paja lake mwenyewe, na gegedu likashonwa.

Siku ya tano baada ya upasuaji tulifika kliniki ninayoizungumzia. Lifti hakuna. Ngazi ni nyembamba, zina kona mbili, na kijana mwenye magongo hana pa kuliweka gongo la pili anapokishika kishikio cha ngazi, kwa hiyo mimi na mlinzi wa jengo tulimpandisha tukiwa tumemkumbatia kiunoni. Hili ni kosa ambalo siwezi kulipuuza hata kidogo. Mahali panapowahudumia watu wasioweza kutembea panastahili kuwa chini, na kama kodi za vyumba vya chini ni ghali, basi angalau pawe na chumba kimoja cha chini cha kuwapokelea wagonjwa wa majuma ya mwanzo. Niliyasema haya kwa wenyewe, wakakiri, na hadi tunamaliza tiba hakuna kilichobadilika.

Kilichonifanya nisiondoke siku hiyo kilikuwa namna kijana alivyopokewa. Fizio aliyemshughulikia ni mama wa makamo. Mpwa wangu alimwamkia, akaitikiwa, kisha mimi nikaanza kueleza habari ya goti kama nilivyozoea kueleza kila tulikokwenda. Alinisikiliza kidogo, akaniomba radhi, akamgeukia kijana. “Mwenye goti ni wewe, baba,” alimwambia. “Nieleze wewe. Mjomba atajazia utakaposahau.” Tangu siku ile hadi mwisho, kila uamuzi ulizungumzwa na kijana kwanza, kwa Kiswahili anachokielewa, na mimi nikawa shahidi. Naamini sehemu kubwa ya subira aliyoionyesha baadaye ilitokana na jambo hilo, kwa maana mtoto wa miaka 16 anayeamriwa hutafuta upenyo wa kutoroka, lakini aliyekwisha kukubaliana na mtu huona haya kuvunja ahadi yake.

Siku hiyo hiyo alifanya jambo ambalo sikulielewa mpaka miezi kadhaa baadaye: aliupima mguu wa kushoto, ule mzima. Alipima unene wa paja kwa utepe, akapima nguvu ya misuli kwa kifaa kidogo cha mkononi ambacho mgonjwa hukisukuma kwa muundi, akaandika kila kitu. Nilimuuliza kwa nini anashughulika na mguu usio na kosa. Alinieleza kwamba mwisho wa tiba mguu ulioumia hulinganishwa na mzima, lakini mguu mzima nao hudhoofika kwa miezi mingi ya kukaa bila mazoezi, na ukiupima mwishoni peke yake utapata kipimo cha chini na kumwambia mgonjwa kwamba amepona wakati miguu yote miwili ni dhaifu. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni kile cha mwanzo kabisa. Nimewauliza wazazi wengine wawili ambao watoto wao walipasuliwa goti na kutibiwa kwingine, na hakuna hata mmoja ambaye mtoto wake alipimwa mguu mzima siku ya kwanza.

Majuma sita ya mwanzo yalikuwa ya kazi ndogo ndogo zinazochosha kuliko mtu anavyodhani. Lengo la kwanza halikuwa kukunja goti bali kulinyoosha kabisa, kwa sababu goti linaloponea katika hali ya kupinda kidogo huweza kumfanya mtu achechemee maisha yake yote. Kijana alilala chali, kisigino kikiwa juu ya taulo lililokunjwa, akilikandamiza goti chini kwa kuibana misuli ya mbele ya paja. Misuli hiyo ilikuwa imelala. Baada ya upasuaji wa goti ubongo huacha kuiamsha kama kawaida, na aliweza kuitazama, akaiamuru, isitikisike. Mashine ndogo ya umeme ilitumika kuiamsha, lakini ilitumika akiwa naye anabana misuli yake wakati huo huo, tofauti kabisa na ile taa ya joto tuliyolipia mahali pengine. Kwa kuwa gegedu lilikuwa limeshonwa, hakuruhusiwa kuutupia mguu uzito wote wala kukunja goti kupita pembe mraba katika kipindi hicho. Mwishoni mwa juma la pili goti lilinyooka sawasawa na la kushoto. Mwishoni mwa juma la sita paja lake la kulia lilikuwa jembamba kuliko la kushoto kwa sentimita 4, na dada yangu alipoliona alilia.

Hapa niseme kidogo kuhusu safari, kwa sababu kliniki ilistahili sifa katika jambo ambalo halihusiani moja kwa moja na goti. Tulikuwa tukivuka kwa feri mara mbili kwa juma. Anayeishi ng'ambo anajua kwamba maji yakipwa, hasa siku za bamvua, ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mteremko wa kushukia feri huwa mkali na wenye utelezi, na umati unaoshuka haumsubiri mwenye magongo. Juma la pili kijana aliteleza pale, nusura aanguke. Tulipomweleza fizio, hakutuambia tuwe waangalifu tu. Alituuliza maji yanajaa saa ngapi, nami kwa kuwa nimekulia ufukweni nikampa hesabu ya juma zima, akaipanga miadi yetu kwa kuifuata hesabu hiyo. Kwa mwezi mmoja na nusu tulikuwa tunafika saa tatu asubuhi juma moja na saa tisa alasiri juma linalofuata, na hapana hata siku moja aliyotulalamikia.

Maji yalitufaa kwa njia nyingine pia. Kidonda kilipofunga vizuri na magongo yakaachwa, alimwelekeza kijana atembee baharini huko huko kwetu, ufukwe wa Shelly, maji yakiwa yamejaa na mawimbi yametulia. Mtu akisimama katika maji ya kiunoni, miguu yake hubeba kama nusu tu ya uzito wa mwili, na yakifika kifuani hubeba pungufu zaidi ya hapo, kwa hiyo alianza maji ya kifuani na kila juma akasogea nchi kavu hatua chache. Aliamriwa kuvaa raba kwa ajili ya miamba, na asiingie peke yake. Kusi ilipokuwa inavuma kwa nguvu mwezi wa Agosti hakuingia. Matlai, majira ya bahari tulivu, ilipofika, mwezi wa Oktoba, alikuwa anatembea kila siku ambayo maji yalijaa baada ya shule. Kliniki ingeweza kutuuzia vikao vya bwawa la kuogelea la hoteli, maana kituo kina mapatano na hoteli moja, lakini fizio alisema wazi kwamba bahari tuliyo nayo mlangoni inatosha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Januari 2025 kijana alitimiza miezi 6 baada ya upasuaji. Alikuwa anakimbia mstari ulionyooka pasipo maumivu, goti halivimbi, na kwa macho ya mtu wa kawaida amepona. Timu yake ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya mtaani. Kocha, ambaye ni mtu mwema na anayejitolea bila mshahara, alikuja nyumbani akasema kwamba dakika 20 za mwisho wa mchezo hazitamdhuru. Dada yangu alianza kulegea. Mimi nami, nakiri, nililegea. Tulikwenda kliniki tukiwa na nia ya kuomba ruhusa, na kijana alikuwa amezifunga njumu zake ndani ya mkoba.

Fizio hakukataa kwa maneno. Alimpima. Nguvu ya misuli ya mbele ya paja la kulia ilikuwa asilimia 71 ya kile kipimo cha mguu wa kushoto kilichoandikwa siku ya kwanza. Alimchorea mstari wa chaki sakafuni, akamwambia aruke kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huo huo, kisha aruke mara tatu mfululizo, huku akimpiga picha za video kwa simu. Alipoirudisha video polepole tuliona sote kwamba kila anapotua goti la kulia linaingia ndani, kuelekea goti la pili, na hiyo ndiyo hali ile ile iliyolikata mara ya kwanza. Kisha akatueleza tunalolihitaji. Kano mpya ni ukano wa paja uliohamishwa. Mwili huuvunja na kuujenga upya kwa miezi mingi ili uwe kano ya goti, na katika miezi ya kati huwa dhaifu kuliko siku uliposhonwa, ingawa mgonjwa hahisi chochote. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mchezaji anachelewesha kurudi, hadi kufikia mwezi wa 9, hupunguza kiasi cha kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena kano hiyo, katika goti lile lile au la pili.

Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Kwani Gavi alikaa miezi mingapi?” Alikuwa anamfuatilia kiungo huyo wa Barcelona tangu alipokuwa kitandani. Gavi alikata kano hiyo hiyo Novemba 2023, akiwa na miaka 19, katika mchezo wa Uhispania dhidi ya Georgia, na hakuingia tena uwanjani hadi tarehe 20 Oktoba 2024. Tulihesabu pamoja kwa vidole: miezi 11, akiwa na madaktari, mashine na wapishi wa klabu tajiri. Fizio alimwambia, “Wewe una miezi 6, na una mimi na bahari.” Kijana alicheka, njumu zikabaki mkobani, na mashindano yakapita bila yeye. Nimeona fizio wengi wakimpa mgonjwa anachokitaka ili wasimpoteze kama mteja. Huyu alikuwa tayari tukasirike.

Kuanzia hapo kazi ikawa ya nguvu: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kupanda na kushuka kijukwaa huku amebeba mkoba wa mchanga, kulala kifudifudi na kuvuta visigino dhidi ya mpira wa kunyumbuka, na kujifunza upya namna ya kutua, goti likiwa juu ya vidole vya mguu na makalio yakishuka nyuma. Vyuma vya kliniki ni vichache na vingine vimeota kutu kwa hewa ya bahari. Havikuwa kikwazo. Ramadhani iliangukia Machi, na kijana alifunga. Sehemu nyingine wangemwambia apumzike mwezi mzima au wangemlazimisha anyanyue vyuma saa kumi jioni akiwa na kiu. Huyu alikipunguza kikao cha mchana kiwe cha kujisawazisha na kutua tu, na mazoezi mazito akayahamishia nyumbani, baada ya taraweh, kijana akiwa amekwisha kufuturu na kunywa maji ya kutosha. Aliandika ratiba mpya kwa mkono wake. Baada ya Idi alipimwa, na nguvu ya paja ilikuwa asilimia 86.

Kufikia wakati huo mimi nilidhani kilichobaki ni misuli peke yake. Kumbe palikuwa na hofu. Fizio alimpa maswali 12 yanayotumika kupima utayari wa moyo wa mchezaji aliyepasuliwa kano hiyo, akamsomea moja moja kwa Kiswahili kwa kuwa karatasi ni ya Kiingereza: je, unaogopa kuumia tena ukicheza, je, unaweza kucheza pasipo kulifikiria goti lako, je, unafadhaika unapokumbuka kwamba huenda ukapasuliwa tena. Kijana ambaye nyumbani alikuwa akijigamba kwamba yuko tayari tangu Januari alijibu kwamba usiku huota ule mlio. Sikuwa najua. Mama yake hakuwa anajua. Alikuwa amekaa nao kifuani miezi 10. Fizio hakumhubiria, alimrudisha kwenye tendo lenyewe lililomuumiza. Walikwenda naye uwanjani, asubuhi moja ya Jumamosi, pakawekwa vijiti, akaanza kukita mguu na kugeuka kwa mwendo wa kutembea, kisha kwa nusu ya mbio, kisha kwa mbio kamili, kisha mimi nikawekwa kuwa beki, kazi ambayo magoti yangu ya miaka 47 hayakuifurahia. Walirudia kwa Jumamosi nne. Mara ya nne alinipita kwa ndani, kwa mguu ule ule, akaendelea na mpira bila ya kulitazama goti.

Mwishoni mwa Mei kipimo kilifika asilimia 93, na miruko yote ilivuka asilimia 90 ya mguu wa kushoto. Hapo ndipo aliporuhusiwa kufanya mazoezi na wenzake, kwanza bila ya kukabana, na fizio akamwandikia kocha barua ya ukurasa mmoja. Barua hiyo, pamoja na kueleza kijana anaruhusiwa nini kila juma, ilimwomba kocha aanze kuitumia programu ya FIFA 11+ kwa timu nzima: mazoezi ya kupasha mwili moto ya takribani dakika 20, angalau mara mbili kwa juma, yasiyohitaji kifaa chochote ila mpira. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa Norwe kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, timu zilizoifuata zilipata majeraha machache, na makubwa yalipungua zaidi. Kocha aliipokea barua kwa heshima, akaifanyia kazi, na sasa jioni ukipita pale utawaona vijana ishirini na zaidi wakitua kwa mguu mmoja mmoja kwa mpangilio. Kliniki haikupata senti moja kwa kazi hiyo.

Malipo yalikuwa shilingi 2,000 kwa kikao. Miezi mitatu ya mwanzo tulikwenda mara mbili kwa juma, baadaye mara moja, na miezi ya mwisho mara mbili kwa mwezi, kwa kuwa mazoezi mengi alikuwa anayafanya nyumbani. Kwa familia ya mshahara wa kawaida hizo ni fedha nyingi, na ninailaumu kliniki kwa kutotupa makadirio ya jumla tangu mwanzo. Tulikuwa tunajua bei ya leo bila ya kujua mzigo wa mwaka, na mwezi wa Septemba tulikosa vikao viwili kwa sababu hiyo. Nilipouliza, walikubali tulipe kwa awamu, lakini ilibidi niulize, na si kila mzazi ana ujasiri wa kuuliza. Lawama ya pili ni karatasi za mazoezi ya nyumbani, ambazo zimechapishwa kwa Kiingereza kigumu chenye herufi ndogo. Fizio anazungumza Kiswahili kizuri mno. Hakuna sababu ya karatasi zake kutozungumza. Bibi yake kijana, ambaye ndiye aliyekuwa akimhesabia mazoezi asubuhi sisi tukiwa kazini, hakuweza kuzisoma, mpaka nikazitafsiri zote kwa mkono katika daftari. Daftari hilo nimewaachia wenyewe watoe nakala. Kuchelewa nako kupo: Jumamosi mtu anaweza kusubiri dakika 50 kwenye kibaraza chenye viti vinne, na mwenye goti lililopasuliwa anahitaji viti viwili.

Kwa mtu aliyeteguka kidogo na anayetaka kupona kwa juma moja, kituo cha karibu na nyumbani kitamfaa na kumpunguzia gharama. Kwa mtoto aliyekatika kano, aliyevunjika muundi, au yeyote anayekusudia kurudi kukimbia na kugeuka kwa nguvu zake zote, mimi ningevuka tena kwa feri, ningepanda tena zile ngazi mbovu, na ningelipa.

Mpwa wangu alicheza mchezo wake wa kwanza Jumapili ya mwisho ya Juni 2025, dakika 25 za kipindi cha pili, winga ya kulia. Hakufunga bao. Kesho yake asubuhi, kabla sisi hatujampigia, fizio alipiga simu akataka kijana alipime goti kwa utepe mwenyewe, juu ya pia na chini yake, na kumsomea namba. Hazikuwa zimezidi hata kidogo. Alimpangia arudi mwezi wa Septemba kupimwa upya miguu yote miwili, akaniambia nisisahau kutazama saa za maji.